Friji Niliyoifukiza

Wanawake waliokuja kwenye msiba wa mama mkwe wangu walicheka. Nalisema wazi, kwa sababu wajukuu wangu wanadhani matanga ni kulia tu. Walipochoka kulia, wazee wenzangu waliegemea ukuta, wakapokea chai, wakaanza kukumbuka, na kama kawaida yao hawakuanza na marehemu. Walianza na mimi. "Mnaijua habari ya Dahabo na friji?" akauliza Habiba, jirani yetu wa tangu enzi hizo, ambaye meno yamemwisha lakini ulimi uko pale pale. Wasichana wakasogea karibu. Habari hiyo nimeisikia kwenye harusi, nimeisikia wodini nikiwa nimelala na mguu wangu uliovunjika, nimeisikia hata kwa mwanamke wa Takaba nisiyemjua, akinisimulia mimi mwenyewe bila kujua ni mimi. Bi harusi ametoka Griftu, hajawahi kuona friji, anaifukiza moshi kama kibuyu cha maziwa, friji inakufa. Watu wanashika mbavu. Mimi hucheka kidogo ili nisionekane nimenuna, kisha nautazama mkeka mpaka wamalize. Uso unanipata moto, mpaka umri huu. Nusu ya habari hiyo ni kweli. Nusu ya pili tuliijua watu watatu, marehemu, mimi, na fundi mmoja Mkamba ambaye sijui kama bado yu hai. Naona soni kuiandika, maana aliyekufa hawezi kujitetea. Lakini nimeubeba upande mmoja wa habari kwa muda mrefu, na mimi si punda.

Nilikuwa na mwaka wangu wa kwanza wa ndoa. Mume wangu, Abdi, aliendesha lori la bidhaa, Garissa hadi Wajir hadi Mandera, mara nyingine mpaka Lafey, na akirudi alilala siku chache akaondoka tena. Mimi nilibaki na mama yake. Nilimwita Edo, kama tunavyomwita shangazi, na jina lake halisi sijawahi kulitamka mbele yake wala nyuma yake, na hapa pia sitalitamka. Nyumba ilikuwa vyumba viwili vya mawe na jiko la mabati uani, na juu ya mti wa jirani korongo wale wakubwa wenye vipara walikaa siku nzima kama wazee wanaongoja posho. Chumba cha mbele ndicho kilichokuwa na friji. Edo aliinunua kwa ofisa mmoja aliyehamishwa kikazi, akaivika kitambaa cha kudarizi, juu yake akaweka redio. Msidhani ilikuwa pambo. Asubuhi wanawake wa porini walileta maziwa ya ngamia mlangoni, na kabla ya friji, yale ambayo hayakununuliwa mapema yalichacha. Sasa Edo aliweza kuyauza jioni, baridi, kwa walimu na watu wa ofisi, wageni wa huku ambao joto la Garissa liliwatesa. Watu walituma vyombo kutoka mbali. "Maziwa baridi ya kwa Edo," walisema, na yeye aliikunja midomo kidogo aliposikia, kama mtu anayeficha pipi. Alikuwa mjane. Friji ile ndiyo iliyomfanya asimwombe mtu.

Kitu kimoja tu kilimuudhi, sauti yake. "Inaguna kama ngamia anayekataa mzigo," alisema. "Mtu atasimamaje mbele ya Mungu na ngamia anaguna kisogoni?" Mkeka wake wa kuswalia ulikuwa mbele ya friji, kwa kuwa kibla kilikuwa upande ule wa mlango na chumba kilikuwa kidogo. Basi kila swala, akishatawadha, alikuja akachomoa plagi ukutani, chumba kikawa kimya, akaswali. Akitoa salamu, kabla hata ya kukunja mkeka, alinyoosha mkono akaichomeka tena. Wageni waliomwona walisema, huyu mama ana adabu na swala yake. Mimi pia nilisema hivyo moyoni. Sikuona lolote zaidi ya hapo.

Sasa moshi. Siku moja maziwa yalimwagika ndani ya friji, yakaoza kwenye kona, harufu ikatoka. Edo alikuwa anakwenda kumwona mgonjwa. Akiwa mlangoni aliniambia, "Isafishe vizuri, maziwa ya jioni yasinuke." Mimi nilijua njia moja tu ya kusafisha chombo cha maziwa vizuri. Unakiosha, unakikausha, unatia ndani kijinga cha mgunga kinachofuka, unafunika, unaacha moshi ufanye kazi yake. Mama yangu alifanya hivyo, na mama yake. Chombo kisichofukizwa kwetu ni kichafu hata kikimeremeta. Nikaitoa plagi, nikaiosha friji, nikaweka makaa na vijiti kwenye kopo la samli, nikaliweka rafu ya kati, nikafunga mlango. Nilijisikia mke mwema. Edo aliporudi alikuta chumba kina ukungu na ubavu wa ndani wa friji una doa la kahawia kubwa kama sahani, plastiki imejikunja. Hakupiga kelele. Alisema, "Dahabo, hii si kibuyu." Maneno hayo tu. Habiba alikuwa amekuja naye, naye ndiye aliyepiga kelele, mpaka bula nzima, mtaa wetu wote, ikajua kabla ya magharibi.

Hapa ndipo pa kusikiliza. Friji ilipoa. Jioni ile maziwa yalikuwa baridi, yana harufu ya moshi, na mwalimu mmoja kutoka Wajir alisema ni kama ya nyumbani kwao, akaongeza chupa. Iliendelea kupoa siku kadhaa. Kisha mchana mmoja, baada ya swala ya adhuhuri, Edo alichomeka plagi na friji ikasema mmmm, kidogo, halafu tik, ikanyamaza. Baada ya muda tena, mmmm, tik. Kufikia jioni maziwa yalikuwa yamechacha.

Fundi wa kwanza alikuwa mtu wa haraka. Edo alikuwa hasemi Kiswahili, hivyo ndivyo tulivyojua sote, na mimi nilikuwa nimekaa shuleni Griftu miaka miwili kabla baba hajanitoa, kwa hiyo mkalimani wa nyumba nilikuwa mimi. Yule fundi alifungua mlango, akaona doa, akanusa, akashika nyuma kile chuma cheusi cha mviringo kinachoguna, akaondoa mkono haraka kwa moto. Hakutoa chombo chochote mfukoni. "Moshi," akasema. "Umeingia kwenye kompresa. Imekufa hii. Badilisha."

"Anasemaje?" akauliza Edo.

Nikamtafsiria. Ilibidi nitamke hukumu yangu kwa mdomo wangu, na Habiba akiwa amesimama mlangoni.

"Moshi wa nani?" akauliza Edo, ingawa alijua.

"Wangu, Edo."

Aliuza mtamba wake mzuri aliyekuwa kwa kaka yake, kompresa ikaja na lori kutoka Nairobi, yule fundi akaifunga, ile ya zamani akaitupa uani. Tukamfunga kamba mwanambuzi pale, chuma kizito, haendi nacho mbali. Friji ikafanya kazi kidogo. Halafu, baada ya swala nyingine, mmmm, tik. Tulipomwita tena fundi alisema moshi umebaki kwenye mabomba, na baada ya hapo hakuonekana.

Sijui nieleze vipi miezi ile. Watu wanadhani aibu ni kutukanwa. Edo hakunitukana hata siku moja. Asubuhi alinitilia anjera, ule mkate wetu mwembamba, kwenye sahani, akamimina juu yake maziwa yaliyochacha, akaisukuma mbele yangu. "Kula. Ni mali yako." Yeye alikula chumba cha nyuma. Wale walimu waliacha kutuma vyombo. Wanawake wa porini walianza kupeleka maziwa kwa mtu mwingine, wakipita mlangoni petu wanaangalia upande wa pili. Nikienda kisimani, wasichana waliniita, "Dahabo, njoo unifukizie redio yangu, inakoroma!" "Dahabo, mume wangu ananuka dizeli, mfukize!" Mwingine aliuliza kama ni kweli kwetu Griftu tunafukiza hata chifu. Nilikuwa na miaka ya kutosha kuolewa, lakini si ya kutosha kumjibu mtu. Na usiku mmoja, tukiwa tunafunga mlango, Edo alisema bila kunitazama, "Abdi akirudi safari hii atakupeleka kwenu. Sikufukuzi kwa ubaya. Lakini kila nikikuona namwona mtamba wangu." Nikasema, "Sawa, Edo." Nikaanza kukunja nguo zangu. Nilimfikiria mama yangu akiniona nashuka kwenye lori Griftu, na watu wa sokoni wakimuuliza binti amerudishwa kwa nini, na yeye akilazimika kusema kwa sababu alifanya nilivyomfundisha.

Yule Mkamba aliletwa na mwalimu wa Wajir, ambaye nadhani aliyakosa maziwa yake. Aliitwa Musyoka. Alikuwa mnene, anatokwa jasho, anapenda maneno. Kabla ya kugusa kitu aliomba kiti, akaomba chai, akaniambia, "Dada, mimi nikifika mahali nachunguza chai kwanza. Chai ikiwa mbovu, najua hata waya ni mbovu." Nikamtafsiria Edo. Hakucheka. Habiba alikuwepo na wanawake wengine wawili, maana siku hizo kuiangalia friji yetu ilikuwa kama kwenda kumwangalia mgonjwa.

"Waliwaambia nini?" akauliza Musyoka.

"Moshi umeua kompresa," nikasema. "Moshi niliofukiza mimi."

Akalitazama doa, akaniuliza, "Baada ya moshi, ilipoa?"

Hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza swali hilo. "Ilipoa," nikasema. "Siku kadhaa."

"Hmm." Akaweka kikombe chini. Kisha akaanza, polepole, kitu kimoja kimoja. Kwanza alichukua taa ndogo yenye nyaya mbili, akaigusisha kwenye soketi ya ukutani. Ikawaka. "Moto upo." Akaitikisa soketi kwa kidole, taa ikapepesa. Akainama akaitazama plagi, akaigeuzageuza. Akaichomeka. Mmmm, tik. Akaichomoa. Akafungua ndani kile kidude kinachozungushwa kuongeza au kupunguza baridi, akatoa nyaya zake mbili, akaziunganisha zenyewe kwa zenyewe. "Kama shida ni hiki, sasa itawaka." Akachomeka. Mmmm, tik. "Basi si hiki. Kirudi mahali pake." Kila alichopima alikirudisha. Akaivuta friji mbele, akakaa chini nyuma yake, akafungua kifuniko kwenye ubavu wa kompresa na kutoa kitu cheusi, kidogo kama kiberiti. Akakitikisa sikioni. Kikalia, karakara. Akaninusisha. Kilinuka kuungua, lakini si moshi wangu. Moshi wa mgunga naujua. Ile ilikuwa harufu kali, ya plastiki na chuma.

"Hii ndiyo inaisukuma kompresa ianze," akasema. "Rilei. Hii imekwisha. Sasa tuulize kompresa yenyewe." Akatoa mita yenye mshale, akagusa vile vipini vitatu vilivyochomoza ubavuni mwa kompresa, viwili viwili. Kila mara mshale uliruka. Akagusa kipini na bodi, chuma chake cha nje, mshale ukalala. "Hai," akasema. "Haina neno. Ile ya zamani mliitupa wapi?"

Nilimwonyesha uani. Akaenda akamfungua mwanambuzi, akafuta vumbi kwa shati lake, akapima vipini vitatu. Mshale ukaruka, ukaruka, ukaruka. Akabaki amechuchumaa. "Hii nayo haikuwa imekufa," akasema. "Na moshi uingie wapi, dada? Hiki chuma kimefungwa kiwandani, hata pumzi haipiti. Walibadilisha bila kupima."

"Anasemaje?" akauliza Habiba kutoka mlangoni. Edo hakuuliza. Alikuwa amesimama ameshika ukingo wa friji, anautazama mkono wake.

Nikasema, "Anasema kilichoharibika ni kidude kidogo. Kompresa zote mbili ni nzima." Hilo nililitafsiri lote, na kwa sauti, sitaki kudanganya. Nilihisi kama nimeshushiwa gunia mgongoni. Habiba akasema, "Mtamba jamani!" na wale wengine wakapiga vifua.

Musyoka alitoa rilei nyingine kwenye mkoba, akaifunga, lakini hakuchomeka. Alirudi kwenye kiti na chai yake. "Mbona huwashi?" nikamuuliza. "Tungoje kidogo," akasema. "Friji ukiichomoa, iache itulie. Ndani kuna gesi imebanwa. Ukiirudishia moto papo hapo, inaamka imebanwa, inahangaika kuanza, ile rilei ndiyo inaungua. Mara moja si neno. Lakini hii yenu..." Akaiinua plagi, akanionyesha. Vile vijino vyake vilikuwa vimeng'aa kwa kusuguliwa, ncha nyeusi. "Hii imechomolewa na kuchomekwa, mpaka soketi imelegea. Nani huichomoa? Mwambie mama, huyo ndiye aliyeiua. Si wewe na moshi wako."

Chumba kilikuwa kimya kama wakati wa swala. Nilijua. Nilijua palepale, kama mtu aliyewashiwa taa, kwa sababu nilikuwa nimekitazama kitendo kile kila siku. Na sasa wanawake watatu walikuwa wananitazama mdomoni. Je, mke wa mwanaye, msichana aliyekuwa anakunja nguo arudishwe kwao, angemwambia mama huyu, mbele ya watu, kwamba kilichomla mtamba wake ni swala zake? Kwamba kila alipoinua mikono akasema Allahu Akbar, alikuwa ameua friji yake kidogo? Nilitazama chini. Niliona miguu yake, imekauka, ina hina iliyofifia, na vidole vimekunjamana sakafuni.

"Anasemaje?" Habiba tena.

"Anasema ni umeme wa mji," nikasema. "Unakatika na kurudi. Unaunguza vidude."

"Umemwambia?" akauliza Musyoka.

"Nimemwambia."

Watu wakisikia hili, kama nitawahi kuwapa nafasi ya kulisikia, watasema nilikuwa na subira. Hapana. Nilikuwa naona aibu, aibu yake, na ilikuwa nzito kuliko yangu kwa sababu yangu nilishaizoea. Sikuweza kusimama mle ndani na kuitazama.

Musyoka alichomeka. Friji ikaguna, ikaendelea kuguna, mpaka vikombe vikatikisika juu ya rafu. Akala, akashukuru, akaenda. Wanawake nao wakaenda, na Habiba njiani, nilimsikia mwenyewe, alianza, "Lakini huyu msichana na moshi wake..." Maana habari nzuri haiachwi kwa sababu mita imesema vingine.

Alasiri ikaadhiniwa. Edo alitawadha, akatandika mkeka. Mkono wake ukaenda kwenye plagi, mwendo ule ule wa kila siku. Ukafika. Ukasimama pale hewani. Mimi nilikuwa napepeta mchele kwenye kizingiti, nikainamisha kichwa, nikapepeta vumbi ambalo halikuwepo. Nilipoinua macho alikuwa ameshasimama kuswali, na friji inaguna nyuma yake. Akapotea. Nilimwona akisita katikati, hajui yuko rakaa ya ngapi, midomo inatafuta. Mwishoni alisujudu ile sijida ya kusahau. Hapo nikaelewa kwamba Kiswahili alikijua. Miaka mingapi alikuwa amepeleka maziwa kwenye nyumba za maofisa, mlango kwa mlango? Alikisikia chote. Hakukisema, nilikuja kusikia baadaye, kwa kuwa wake wa maofisa walimcheka siku moja alipotamka, akaapa hawatamcheka tena. Kila neno la Musyoka lilikuwa limeingia masikioni mwake kabla halijaingia mwangu, na uongo wangu pia.

Aliniambia jambo moja tu, akikunja mkeka. "Zile nguo zako, zirudishe sandukuni, zitakunjika vibaya." Kesho yake anjera ilikuja na maziwa mabichi. Abdi aliporudi, Edo alimwambia friji ilikuwa imezeeka, basi. Lakini bula iliendelea kunicheka, na yeye alikuwepo kwenye harusi hizo zote, ameketi karibu nami, na kila mara Habiba alipoanza ile habari, Edo alitazama mkeka wake na mimi nikautazama wangu. Hakuwahi kusema, si moshi. Nilimngoja aseme. Mwaka wa kwanza kwa hasira, miaka iliyofuata kwa mazoea. Uzeeni macho yalipomwisha alikuwa akiniuliza kabla ya kuswali, "Inaguna?" Nasema, "Inaguna, Edo." "Iache." Hapo ndipo alipofika, na mimi sikumsukuma mbele zaidi.

Basi, siku ile ya msiba, Habiba alikuwa amefika pale penye kopo la samli, wasichana wanafuta machozi ya kicheko, aliposimama kijana wa kisomo mlangoni, Msahafu mkononi. Wanawake wakajitanda. Friji ya sasa ni kubwa, wajukuu ndio walioinunua, na inaguna vilevile. Kijana akakaa, akasikiliza, akanyoosha mkono kwenye plagi. "Tuizime kidogo, inasumbua kisomo."

"Iache," nikasema.

Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka. Wote wakageuka. "Lakini Ayeyo," akasema mjukuu wangu, kwa upole, "ni dakika chache tu, kisha tutairudisha."

"Iache iwake. Marehemu alikuwa akiswali nayo inaguna."

Habiba alikuwa na kikombe karibu na mdomo. "Wapi?" akasema. "Yule? Yule alikuwa akiichomoa kila swala, nilimwona kwa macho yangu, akimaliza tu anairudi..." Kikombe kikabaki pale pale. Alinitazama, akatazama ukutani ilipo plagi, akarudi kwangu, na nikaona uso wa mzee yule ukipata moto polepole, kama wangu ulivyokuwa ukipata miaka yote.

Nilingoja kama atasema. Aliweka kikombe chini, akautazama mkeka.

"Soma, mwanangu," nikamwambia kijana.

Akasoma, na friji ikaguna mpaka mwisho.